Msibandue kadi zile ukutani: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu

Waheshimiwa,

Siku wakaguzi walipokuja shuleni kwetu, niliagizwa asubuhi na mapema nibandue picha zote ukutani ili darasa lionekane nadhifu. Zilikuwa kadi ndogo, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtoto: choo, maji, nje, kelele, inauma, basi, bado. Nikazibandua. Hilo ni kosa langu, na nimeona nilitaje kwanza kabla sijagusa ya wengine.

Ilipofika saa nne, mvulana mmoja wa miaka saba, ambaye hasemi kwa mdomo, alinyanyuka akaenda ukutani mahali inapokaa kadi ya choo. Akapapasa ukuta. Akarudi kukaa. Akaenda tena, akapapasa, akanitazama mikononi, kisha akaanza kutoa ile sauti ninayoijua. Mimi nilikuwa mbele ya darasa nimeshika andalio la somo, wageni wamekaa nyuma. Dakika chache baadaye alikuwa sakafuni, suruali imelowa, anajipiga ngumi za kichwa, na mgeni mmoja anaandika. Ripoti ilipotoka ilikuwa na mstari mmoja juu yake: mwanafunzi mmoja hana nidhamu, mwalimu ameshindwa kumdhibiti.

Nimefundisha watoto wenye usonji, yaani hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha namna mtu anavyowasiliana na kuhisi, miaka mingi, na si mara ya kwanza kuandikwa vibaya. Ila mstari ule umenikaa kooni, kwa sababu mtoto yule alifanya kila alichofundishwa. Alihisi haja, akaenda pale pa kuombea, akakuta lugha yake imebanduliwa. Angekuwa anavaa miwani, hakuna ambaye angeniagiza nimvue miwani ili darasa lipendeze.

Ombi langu ni moja, na mengine yote humu yanatokana nalo. Katika nyaraka zenu, miongozo yenu na fomu zenu za ukaguzi, njia ambayo mtoto anaitumia kuwasiliana itambuliwe kuwa ni mali yake. Iwe kadi, iwe kitabu cha picha, iwe ishara za mikono, iwe kompyuta kibao inayotamka anapoigusa. Isiondolewe kwa adhabu, kwa usafi, kwa mtihani wala kwa ugeni. Na kumfundisha njia hiyo kuhesabiwe kuwa somo, tena somo la kwanza, lenye vipindi vyake kwenye ratiba na mtu wa kulifundisha.

Sijalitunga jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataka katika ibara ya 24 kwamba nchi ziwezeshe kujifunza nukta nundu, na papo hapo, katika sentensi hiyohiyo, unataja njia mbadala na za kuongezea mawasiliano. Nukta nundu mnaifahamu na mnaitengea fungu. Ile nusu ya pili ya sentensi sijawahi kukutana na fungu lake.

Nieleze kwanza kwa nini waraka mmoja kwa watoto wote haufanyi kazi. Leo Kanner, daktari wa akili za watoto aliyekuwa Baltimore, alipochapisha maelezo yake ya kwanza mwaka 1943 aliwaeleza watoto 11. Wanane walikuwa wamepata kusema, watatu hawakusema. Na hata kwa wale wanane, aliandika kwamba usemi wao haukuwa wa kumfikishia mtu mwingine maana. Zaidi ya miaka 80 imepita na hali darasani kwangu ni hiyohiyo. Ninaye anayesoma kwa sauti ukurasa mzima bila kukosea na hawezi kukwambia kwamba jino linamuuma. Ninaye asiyetamka neno, naye hupanga vipande vya picha ya kuunganisha akiwa amevigeuza upande wa nyuma usio na rangi, kwa umbo peke yake, haraka kunishinda mimi niliyevigeuza upande wa picha. Wape wote wawili imla mkaniambie mmejua nini.

Sasa kadi. Watu wakisikia kadi za picha hudhani ni kumwonyesha mtoto picha ya kikombe na kumwambia "sema kikombe". Utaratibu uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani mwaka 1985 huanzia mahali pengine kabisa. Mnivumilie niueleze hatua kwa hatua, maana humu ndimo mnamoamua watumishi na fedha, hata kama hamjui kwamba mnaamua.

Unaanza kwa kujua mtoto anapenda nini. Anachopenda yeye, hata kama kwako hakina maana. Kwa mtoto mmoja niliyemfundisha kilikuwa gurudumu la plastiki lililong'oka kwenye kigari cha kuchezea. Mtu mmoja anakaa mbele yake, gurudumu mkononi, anamwonyesha na kunyamaza. Mezani kati yao kuna kadi moja tu, yenye picha ya gurudumu. Mtoto ananyoosha mkono achukue gurudumu. Hapo mtu wa pili, aliyekaa nyuma ya mtoto kimya kama hayupo, anaupokea mkono ule kwa upole, anauongoza uokote kadi, uipeleke mbele na kuiachia kwenye kiganja cha yule wa mbele. Papo hapo yule wa mbele anasema "Gurudumu!" na kumpa. Hakuna aliyeuliza "unataka nini?" Hakuna aliyesema "nipe kadi". Ukiuliza, mtoto atajifunza kungoja aulizwe, na kuna watu wazima ambao hadi leo wanangoja waulizwe kama wana kiu. Tunataka aanze yeye.

Halafu yule wa nyuma anajiondoa kidogo kidogo. Leo anamsaidia mpaka kuachia kadi, kesho anamwacha aachie mwenyewe, siku nyingine anamgusa kiwiko tu. Kwa mtoto wa gurudumu, siku ya tisa mkono wa nyuma haukuhitajika. Aliokota kadi, akaniwekea kiganjani, akaisukumia ndani kwa kidole kimoja kama anayehakikisha imefika. Sijui kama mmewahi kukaa mbele ya mtu ambaye ndiyo kwanza amegundua kwamba mtu mwingine anaweza kuambiwa kitu.

Hatua zinazofuata zipo: kadi kuwekwa mbali ili aifuate, mtu kukaa mbali ili amfuate, kuchagua kati ya picha mbili na kuendelea, kupanga sentensi kwenye ukanda unaoanza na "nataka", kujibu swali, na mwisho kabisa kueleza anachokiona bila kuomba kitu. Sitazirefusha. Ninachotaka mhesabu ni hatua ile ya kwanza: watu wazima wawili kwa mtoto mmoja. Mkinipangia darasa mimi peke yangu, mmeshaamua kwamba hatua ya kwanza haitafanyika, na isipofanyika ya kwanza hakuna ya pili. Kwenye makaratasi mwalimu msaidizi huitwa "wa ziada". Kuna mwaka nilimwomba mfagizi wa shule awe anakaa nyuma ya mtoto. Kwa wiki moja alikuwa ameshashika kazi, na mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Tatizo ni kwamba kila tulipofika katikati aliitwa akafagie.

Kila ninapodai kadi ofisini hujibiwa kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Wanaosema hivyo ni watu wenye nia njema, na wazazi wengi huogopa hivyohivyo, kwa hiyo sitawabeza. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazikuonyesha kwamba picha, ishara au vifaa vya kutamka huzuia usemi. Wapo watoto ambao maneno yao huongezeka baada ya kuanza kuvitumia, ingawa ongezeko kwa kawaida ni dogo na halimfikii kila mtoto. Fikirini wenyewe: kutamka "maji" ni kazi ndogo kuliko kwenda kutafuta kadi, kuibandua, kumtafuta mtu na kumpa. Anayeweza kutamka atatamka. Asiyeweza, tunamnyima kadi ili afanye nini?

Na wapo wanaosema, ila sisi ndio hatusikii. Msichana mmoja alikuwa akifika mlangoni anasema, kwa sauti yangu mimi na madaha yangu mimi, "Unataka kutoka?" Mwalimu aliyekuja kunishikia darasa siku moja akamjibu, "Hapana, mwanangu, sitaki, kaa." Akarudia, "Unataka kutoka?" "Nimekwambia sitaki." Ikaishia kwenye kilio na kiatu kilichorushwa. Alikuwa akiomba kutoka yeye. Kila alipotolewa nje, sentensi aliyoisikia ilikuwa hiyo, akaichukua nzima kama ilivyo, na u- yake mwanzoni. Kanner alikwisha kuliona hili mwaka 1943, watoto kusema "wewe" wakimaanisha "mimi". Kwa muda mrefu sana walimu tulifundishwa kuliita kasuku na kulizima. Katika miaka ya 1980 Barry Prizant na wenzake walionyesha kuwa marudio haya mara nyingi yana kazi: kuomba, kukubali, kushika zamu katika mazungumzo, kujituliza. Unachofanya ni kusimama ubavuni mwa mtoto, mkiutazama mlango pamoja, na kusema badala yake, "Nataka kutoka," kisha mlango ufunguliwe saa hiyohiyo. Kwa msichana yule ilichukua muhula na nusu hadi una- ikawa na-. Silabi moja. Ni katika kazi ninazojivunia zaidi, na katika fomu yenu hakuna pa kuiandika.

Ratiba ya picha ni habari hiyohiyo kwa upande wa pili. Kadi ni mtoto kunieleza mimi. Ratiba ni mimi kumweleza yeye. Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, ambao mpango wao wa TEACCH ulianza rasmi mwaka 1972, walijenga ufundishaji juu ya jambo ambalo kila mzazi wa mtoto kama huyu analijua: wengi wao hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Neno likishatamkwa limekwenda zake, picha inabaki pale. Kwa hiyo kazi zinapangwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila kazi kikapu chake. Mtoto anaona ni kazi ngapi, anaona anazipunguza, anaona kinachofuata baadaye. Kikapu cha mwisho kulia ni cha "imekwisha". Nilipokiweka kikapu kile, ugomvi wa kila siku na watoto wawili ulikoma ndani ya wiki. Nilikuwa nimewaandika kuwa ni wakaidi. Kumbe hawakuwa wakijua kama kazi niliyowapa ina mwisho.

Vitu hivi si ghali. Makatoni, gundi, picha zilizochorwa kwa mkono, vikapu. Kinachogharimu ni saa za mtu, na saa za mtu ndizo hukatwa kwanza bajeti ikibana.

Nifike kwa wauza mbinu, maana najua wanawafikia ninyi kabla hawajanifikia mimi. Kila mmoja anakuja na jina la mbinu yake, cheti chake na video ya mtoto anayetabasamu. Kabla hamjatia saini, historia kidogo. Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa uchambuzi wa tabia, yaani mtoto kukalishwa mezani, kupewa amri na kutuzwa akiitii, kwa saa zipatazo 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, 9 walifikia kiwango cha akili cha kawaida na kumaliza darasa la kwanza pamoja na wengine. Matokeo yale yaliwapa wazazi matumaini ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na yakajenga biashara kubwa. Lakini watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na adhabu za mwili zilikuwa sehemu ya mafunzo. Miaka ya 1960 Lovaas huyohuyo alikuwa ametumia hata mshtuko wa umeme kwa watoto.

Sisemi haya ili mtupe kila kitu kilichotoka huko. Kugawa kazi vipande vidogo, kwa mfano, nakutumia kila siku. Kunawa mikono kwetu kuna hatua tisa, na hufundishwa kuanzia mwishoni: mimi namsaidia zote nane, yeye anajifuta kwa taulo peke yake, basi anamaliza akiwa ameshinda. Wiki inayofuata anafunga bomba na kujifuta. Tunarudi nyuma hivyo hadi anafungua bomba mwenyewe. Hiyo imetoka kwa watu wa uchambuzi wa tabia, na ni nzuri. Wengi wao siku hizi wameacha meza na amri, wanafundisha ndani ya mchezo wa mtoto. Ila watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya mtindo wa kale wanatueleza walichofundishwa hasa: kutulia mikono, kutazama watu machoni hata inapouma, kutii mtu mzima yeyote. Hilo la mwisho linanitisha kuliko yote. Mtoto aliyefundishwa kumtii kila mtu mzima, na hana njia ya kusimulia, mmemwandalia nini?

Mwaka 2020 Micheal Sandbank na wenzake walichapisha mapitio makubwa ya tafiti juu ya watoto wadogo wenye usonji. Walipochuja wakabakiza zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, madai mengi yalisinyaa. Zilizosimama afadhali ni zile mbinu za kufundisha ndani ya mchezo na shughuli za kila siku, kwa kufuata hatua za ukuaji wa mtoto. Akija mtu akawaambia mbinu yake inaponya asilimia kadhaa, msindikizeni mlangoni kwa adabu.

Ipo moja ambayo haistahili hata adabu: ile ya mtu mzima kumshikia mtoto mkono juu ya herufi ili "aandike" mawazo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipimwa kwa njia rahisi. Mtoto alionyeshwa picha moja, msaidizi akaonyeshwa nyingine bila kujua. Kilichoandikwa kilikuwa picha ya msaidizi. Hata hivyo mbinu hii hurudi kila baada ya miaka kadhaa ikiwa na jina jipya. Mtaniuliza, na wewe si umetueleza habari za mkono wa nyuma? Ndiyo, na tofauti ni hii: mkono wangu una ratiba ya kuondoka, tena haujui kilichomo kichwani mwa mtoto. Unamsaidia kufikisha kadi ya kitu anachokinyooshea mkono mbele ya macho yetu sote. Usipoondoka kwa muda uliopangwa, mimi ndiye niliyeshindwa.

Nirudi kwenye fomu ya ukaguzi. Ina kisanduku kinachouliza kama wanafunzi wametulia. Naelewa kilitoka wapi. Darasa la watoto 40 likichafuka hakuna kinachofundishwa. Kwa watoto wangu kisanduku hicho kinapima kinyume. Mtoto anayepepea mikono wakati wa hadithi mara nyingi ndiye anayesikiliza. Aliyekaa mikono imekunjwa, macho kwangu, huenda nguvu zake zote zimeishia kwenye kukaa. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani umeutaja wazi, miongoni mwa dalili za usonji, upokeaji usio wa kawaida wa sauti, mwanga, mguso na maumivu. Kengele yetu iko juu ya mlango wa darasa langu. Inapolia, watoto watatu huziba masikio na mmoja hukimbia. Nimeandika barua nne kuomba ihamishwe mita kumi. Nilipomnunulia yule anayekimbia vikinga masikio, nikaambiwa anaonekana kama fundi, avue.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wengine ni tatizo la pande mbili. Kwamba na sisi tunashindwa kuwasoma wao. Mimi hilo sikuhitaji kulithibitisha kwingine. Nililiona siku ile ya ukaguzi. Mtoto alikuwa anaeleza kwa njia tatu tofauti kwamba anataka choo, na chumba kizima cha watu wazima waliosoma hatukuelewa. Aliyeandikwa kuwa na upungufu ni yeye.

Kuhusu wazazi nitasema machache. Kuna wakati watu wenye vyeo vya kitaalamu, Bruno Bettelheim akiwa maarufu kuliko wote, waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto kuwa hivi. Ilikuwa uongo, na bado nausikia ukinong'onwa kwenye vikao vya shule kwa maneno mengine. Kadi zikibaki shuleni hazina maana. Lazima ziende nyumbani, na mzazi afundishwe kuzitumia, kwa saa zinazomfaa yeye, bila kusemwa. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi yanayoweza kuendeshwa na watu wasio madaktari bingwa. Yapo, someni.

Na uhamisho. Mwalimu anachukua miaka miwili kujua kwamba mtoto huyu akigusa sikio la kushoto maana yake amechoka, na yule akiimba maana yake ana hofu. Halafu inakuja barua: ripoti kituo kipya Jumatatu. Anakuja mwingine aliyehudhuria semina ya siku mbili na ana cheti kizuri kuliko changu. Simlaumu. Lakini mnapohamisha mwalimu kwenye darasa kama hili mnahamisha kamusi, na watoto wanabaki na lugha isiyo na msomaji. Angalau tupeni mwezi mmoja wa kukaa darasani pamoja, anayeondoka na anayeingia. Mkishindwa mwezi, wiki mbili.

Kwenye mitihani nimekwisha kusema: kitabu cha mawasiliano kiingie na mtoto chumbani. Msimamizi akihofia udanganyifu, akikague kabla. Hakina majibu. Kina "choo", "bado", "sielewi" na "nimemaliza".

Na badala ya kile kisanduku cha utulivu, wekeni mistari mitatu ambayo mkaguzi ataijaza kwa kutazama, siyo kwa kuniuliza mimi. Mtoto aliomba nini leo bila kuulizwa? Alikataa nini, na je, kukataa kwake kulisikika? Nani alielewa? Mkaguzi akikaa saa moja atapata majibu. Akikosa hata moja, hapo aniandike vibaya, nitatia saini.

Nawaalika mje wenyewe. Siku ya kawaida, bila msafara, wawili au watatu wanatosha. Ila kabla ya kuja nitumieni picha zenu, kila mmoja yake, zilizopigwa mkiwa na sura zenu za kila siku. Nitazikata ukubwa wa kiganja na kuzibandika kwenye ratiba ya siku hiyo, baada ya kunawa mikono na kabla ya nje, ili watoto wajue nani anakuja na anaondoka lini. Mkiingia, msisalimie kwa sauti kubwa, na msiwashike vichwa. Kaeni karibu na dirisha. Yupo mmoja ambaye huenda akawaletea kadi. Ipokeeni kwa kiganja kilicho wazi, semeni kilichochorwa, na mpeni.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa elimu maalumu